Kundi O na kipindupindu cha Trujillo, 1991

"Daktari, mdogo wangu ni kundi O. Ndiyo maana amezidiwa hivi?"

Aliniuliza hivyo kaka mmoja akiwa amesimama pembeni ya kitanda kambini, kadi ya kuchangia damu ya mdogo wake ameikamata mkononi kama mtu aliyebeba barua ya rufaa. Mdogo mtu alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha kipindupindu, kile cha turubai chenye tundu katikati na ndoo chini yake. Macho yalikuwa yamezama, sauti imemkauka hata jina lake tulilisikia aliporudia mara ya pili. Nilibana ngozi ya tumbo lake kwa vidole viwili nikaiachia, ikabaki imesimama. Dripu mbili zilikuwa zinakimbia, moja kila mkono. Nikamwambia kaka mtu kwamba hilo tutalizungumza mgonjwa akishakojoa, dalili kwamba maji yamerudi mwilini, nikaendelea na kazi.

Swali lake lilikuwa la maana kabisa. Lina jibu, na jibu zuri kuliko yote ninayoyafahamu linatoka mbali na kwetu, katika mji wa Trujillo, pwani ya kaskazini ya Peru, mwaka 1991. Nakieleza kisa hicho kwa urefu kwa sababu wengi wamekishika nusu. Wamesikia kwamba kundi O na kipindupindu haviivani, wakaishia hapo. Wa O wanabaki na hofu, wa A na B wanabaki na kujiamini ambako hakuna msingi.

Wagonjwa wa kwanza Peru walionekana Januari 1991 huko Chancay, bandari iliyo kaskazini mwa Lima, na karibu wakati huohuo Chimbote, mji wa wavuvi. Amerika ya Kusini ilikuwa imekaa karibu miaka mia bila mlipuko wa kipindupindu. Maana yake ni kwamba hapakuwa na mtu mwenye kinga iliyobaki kutoka mlipuko uliopita, na madaktari wengi walikuwa wanaujua ugonjwa huu vitabuni tu. Januari ni msimu wa joto huko. Katika wiki chache ugonjwa ukaenea pwani yote ya nchi, ukapanda milimani, ukashuka hadi Amazon, na kabla mwaka haujaisha ukawa umeshafika Ecuador, Colombia, Brazil, Chile na Mexico. Peru peke yake iliandikisha wagonjwa 322,562 na vifo 2,909 mwaka huo. Wizara ya afya iliwaambia watu waache samaki mbichi, na Rais Alberto Fujimori akaonekana hadharani akila ceviche, yaani samaki mbichi aliyekolezwa ndimu, ili kuwatetea wavuvi. Mabishano hayo ya samaki yalichukua nafasi kubwa magazetini kuliko yalivyostahili, kwani tatizo kubwa lilikuwa kwenye maji.

Bakteria yenyewe ilikuwa *Vibrio cholerae* O1 ya aina ya El Tor. Nieleze hapa jambo linalowachanganya hata wanafunzi wetu: hiyo "O1" ni jina la ganda la bakteria, haihusiani kabisa na kundi O la damu. Ni El Tor ileile iliyoanza safari yake Sulawesi, Indonesia, mwaka 1961, ikaingia Afrika mwaka 1970, na Tanzania ikaanza kuripoti wagonjwa mwaka 1974. Uchunguzi wa vinasaba uliofanywa miaka mingi baadaye umeonyesha kwamba bakteria ya Peru ilikuwa ya ukoo mmoja na ile iliyokuwa ikizunguka Afrika. Kwa hiyo kisa cha Trujillo si cha wageni watupu kwetu. Ni jamaa wa ugonjwa tunaoujua, aliyeingia katika nyumba ya watu ambao damu zao zimepangika tofauti na zetu.

Kati ya Februari na mwisho wa Machi 1991, Trujillo iliripoti wagonjwa 16,400 wa kuharisha kwa dalili za kipindupindu. Waliolazwa walikuwa 6,673. Waliofariki walikuwa 71. Naomba msomaji azishike namba hizo tatu, hasa ya mwisho, maana nitazirudia.

Wachunguzi walipofuatilia maji walikuta picha ambayo mtu yeyote aliyefanya kazi ya afya mitaani kwetu ataitambua. Maji ya bomba ya mji hayakutiwa klorini. Yalipopimwa, uchafu wa kinyesi uliongezeka kadiri maji yalivyosafiri kwenye mabomba, ukaongezeka tena yalipofika nyumbani na kuwekwa kwenye vyombo. Watafiti wakalinganisha wagonjwa na majirani wasiougua. Kunywa maji yasiyochemshwa kulihusiana na kuugua karibu mara tatu zaidi. Kuhudhuria sherehe, na vinywaji vyake na barafu yake, mara tatu na nusu. Kilichozidi vyote ni kunywa maji ya chombo cha nyumbani ambamo watu walikuwa wameingiza mikono: zaidi ya mara nne. Ndoo ipo wazi, mtu anachota kwa kikombe, vidole vinazama hadi kiganjani, anakunywa, anakirudisha kikombe. Fikiria ndani ya siku moja mikono mingapi imepita katika ndoo hiyo, na wangapi kati ya wenye mikono hiyo wametoka chooni.

Ilibaki fumbo moja. Watu wa nyumba moja walikunywa maji ya ndoo moja. Mmoja akaharisha mara mbili tatu akaendelea na shughuli zake. Mwingine hakuhisi kitu. Wa tatu alianza usiku na kabla ya asubuhi alikuwa anabebwa, miguu imekakamaa kwa mikazo ya misuli. Umri, lishe, kiasi cha bakteria alichokunywa mtu, tindikali ya tumboni, vyote hivyo vina sehemu yake. Lakini tangu miaka ya 1970, huko India na Ufilipino, kulikuwa na ripoti kwamba wodi za kipindupindu zina watu wa kundi O wengi kuliko inavyotarajiwa. Mwaka 1985 watafiti waliofanya kazi Bangladesh walionyesha jambo hilo vizuri zaidi. Na Peru ilikuwa mahali pa pekee pa kulipima, kwa kuwa Amerika ya Kusini ndiyo yenye kundi O wengi kuliko sehemu nyingine za dunia. Jamii za wenyeji wa asili huko ziko ambazo karibu kila mtu ni O. Trujillo, mji wenye mchanganyiko, O walikuwa zaidi ya watu saba katika kila kumi.

Sasa, hapa ndipo mtu mwenye haraka anapoteleza. Ukiingia kwenye wodi ya Trujillo ukapima damu za wagonjwa kumi na kukuta saba ni O, umegundua nini? Hujagundua kitu. Ungewapima watu kumi wanaosubiri basi ungepata O walewale saba. Kosa hili nalisikia hadi leo: muuguzi anakwambia "wagonjwa wangu wengi ni O", na mahali ambapo karibu nusu ya watu ni O, kama Tanzania na Kenya, bila shaka wengi watakuwa O hata kwenye wodi ya waliovunjika miguu. Ili swali liwe na maana, inabidi uwalinganishe waliozidiwa na walioambukizwa ambao hawakuzidiwa. Na walioambukizwa bila kuumwa hawaji hospitali. Lazima uwafuate majumbani, uwatoe damu, utafute kingamwili zinazoonyesha kwamba bakteria ilipita.

Timu iliyofanya kazi Trujillo ilifanya hivyo, na matokeo yakachapishwa mwaka 1994. Kati ya walioambukizwa, wenye kundi O waliharisha mara nyingi zaidi kwa siku, walitapika zaidi na walipata mikazo ya misuli zaidi. Uwezekano wao wa kuhitaji matibabu ya hospitali ulikuwa karibu mara nane ya ule wa makundi mengine.

Mara nane. Hiyo ndiyo namba iliyosambaa, na ndiyo inayotisha. Tuifanyie hesabu ya mfano ili ionekane umbo lake halisi. Chukua watu 1,000 walioambukizwa, 700 wakiwa O na 300 wa makundi mengine. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba katika wasio O mmoja kwa kila mia anahitaji hospitali, na katika O wanane kwa kila mia. Watakaolazwa ni O 56 na wengine 3. Ukiingia wodini utaona O karibu kitanda kwa kitanda, utaamini kwamba kundi O ni hukumu. Huku nje kuna watu wa O 644 walioambukizwa na hawakuhitaji kitanda. Kwa kawaida walio wengi wanaoambukizwa El Tor hawaumwi kabisa au huharisha kidogo tu, na hilo ni kweli kwa O pia. Halafu "kuhitaji hospitali mara nane" haiwezi kusomwa kama "kufa mara nane". Hivyo ni vitu viwili, na umbali kati yake, kama nitakavyoeleza, unapimwa kwa lita za maji.

Jambo la pili ambalo huachwa njiani ni la maambukizi yenyewe. Utafiti wa Bangladesh wa 1985 ulipowafuata ndugu wanaoishi na mgonjwa, haukukuta kwamba O wanaambukizwa zaidi. Kundi la damu lilihusiana na ukali wa ugonjwa, basi. Utafiti mwingine wa Bangladesh uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta hata kinyume, kwamba ndugu wa nyumbani wenye O waliambukizwa kidogo kuliko wengine, ila wakiambukizwa ndio huumwa zaidi. Kwa hiyo mtu wa kundi A anayekunywa maji ya ndoo wazi akiitegemea damu yake amepotea njia mara mbili: anaweza kuambukizwa sawa na jirani yake, na akishaambukizwa bila kuumwa anatembea akiipeleka bakteria chooni na ndooni, ambako jirani wa O ataikuta.

Kwa nini sukari za damu ziingilie ugonjwa wa utumbo? Swali hili huwashangaza watu kwa sababu tumezoea kudhani kundi la damu linakaa kwenye damu tu. Karl Landsteiner aliyagundua makundi haya Vienna mwaka 1901 kwa kuchanganya damu, na jina likabaki la damu. Ukweli ni kwamba alama hizo ni minyororo ya sukari, na kwa watu wengi zimo pia kwenye mate na kwenye utando wa utumbo. Ufikirie mnyororo wa shanga. Mnyororo wa msingi unaishia na sukari iitwayo fukosi, na mtu wa O anabaki hivyo. Mtu wa A ameongezewa shanga moja ya ziada karibu na mwisho huo, mtu wa B shanga ya aina nyingine, mtu wa AB ana mchanganyiko. Tofauti yote ya makundi haya ni shanga hiyo moja.

Bakteria ya kipindupindu haitoboi utumbo. Inakaa juu ya ukuta wa utumbo mwembamba na kutoa sumu. Sumu hiyo ina vipande vitano vya kushikia na kipande kimoja cha kufanya kazi. Vya kushikia hunasa kwenye mafuta yenye sukari yaliyo juu ya seli, yanayoitwa GM1. Kipande cha kazi kinaingia ndani na kuiwasha seli isizimike. Kemikali iitwayo cAMP inapanda, milango ya chumvi inafunguka, chumvi inamwagika kwenye utumbo na maji yanaifuata. Mtu mzima aliyezidiwa anaweza kupoteza lita moja kwa saa. Ndiyo maana kinyesi kinabadilika kuwa maji ya mchele: hakina tena chakula wala uchafu, ni maji ya mwili yanayotoka.

Katika muongo wa 2010 watafiti wa Oslo walipiga picha za sumu hiyo kwa kiwango cha atomu na kuona kwamba, mbali na sehemu inayoshika GM1, ina sehemu nyingine pembeni inayoshika sukari za makundi ya damu, na inaushika mnyororo wa O vizuri kuliko wa A. Mwaka 2016 wengine wakaotesha maabara vitumbo vidogo kutokana na seli za utumbo za watu, vingine vya O na vingine vya A, wakavimwagia sumu ileile kwa kiasi kilekile. cAMP katika vitumbo vya O ilipanda takriban mara mbili ya vile vya A. Kwangu mimi hilo ndilo lililofunga mjadala wa kama uhusiano ni wa kweli au ni wa bahati ya hesabu. Kilichoonekana vitandani Trujillo kilionekana pia kwenye bakuli la kioo, mahali ambapo hakuna umaskini wala ndoo ya kukivuruga.

Kabla ya utumbo kuna tumbo lenyewe, na tindikali yake ndiyo mlinzi wa kwanza. Katika majaribio ya watu waliojitolea Marekani, bakteria zilibidi ziwe nyingi mno ili kumwambukiza mtu mwenye tindikali ya kawaida, lakini wakishapewa magadi ya kuituliza, idadi ndogo kwa maelfu ya mara ilitosha. Hapa anaingia mkazi mwingine wa matumbo yetu, *Helicobacter pylori*, bakteria wa vidonda vya tumbo, ambaye akikaa miaka mingi anaweza kuipunguza tindikali hiyo. Naye ana historia yake na kundi O. Tangu 1954 madaktari wa Uingereza walishaona kwamba vidonda vya tumbo huwapata O zaidi, miaka karibu thelathini kabla Barry Marshall na Robin Warren hawajamwotesha bakteria huyo Australia mwaka 1982. Mwaka 1993 ikaonekana kwamba hujishikiza kwenye sukari iitwayo Lewis b, ile iliyo wazi kwa mtu wa O. Na mwaka 2004 ikaonekana jambo ambalo mpaka leo nalitafakari: wakati karibu bakteria hao wote duniani wanaweza kujishikiza kwa O, A na B, wale waliochukuliwa kwa wenyeji wa asili wa Amerika ya Kusini wengi walikuwa wameshajizoesha O peke yake. Bakteria amekaa na watu hao kizazi baada ya kizazi, akaacha kujisumbua na minyororo ambayo hakuwa akikutana nayo.

Ndipo linapokuja swali la asili. Bonde la mto Ganges, nyumbani kwa kipindupindu tangu zamani, lina kundi O wachache kuliko karibu kila mahali. Watafiti wa 1985 walipendekeza kwamba ugonjwa wenyewe umewapunguza O huko kwa karne nyingi, kwa kuua zaidi watoto na vijana wa kundi hilo kabla hawajazaa. Wazo hilo linavutia, na mimi nalipa uzito, ila bado ni dhana. Wingi wa O Amerika ya Kusini una maelezo mengine rahisi zaidi, kwamba watu wachache waliovuka kutoka Asia walikuwa na O kwa wingi, na kizazi chao kikarithi hivyo. Kipindupindu hakikufika Amerika hadi miaka ya 1830.

Wala mtu asiseme basi kwamba O ni damu mbaya. Kwetu Afrika, ambako malaria imeua watoto wengi kuliko kipindupindu, kundi O limeonekana kupunguza malaria kali, kwa sababu chembe nyekundu zenye O hazigandi pamoja kwa urahisi kuzunguka chembe yenye vimelea. Na katika kuharisha kwa aina nyingine ya bakteria, *E. coli* inayotoa sumu, majaribio ya watu waliojitolea yaliyochapishwa mwaka 2018 yalikuta wenye A ndio waliougua vibaya zaidi, kwa sababu bakteria huyo ana kishikio kinachoipenda shanga ya A. Kila mdudu na sukari yake.

Turudi Trujillo, kwenye namba tatu. Wagonjwa 16,400, waliolazwa 6,673, waliofariki 71. Wanne katika kila kumi walilazwa. Huo ni mzigo mkubwa mno, na naamini kundi O limechangia, ingawa madaktari wanaoona mlipuko kwa mara ya kwanza huwa wanalaza hata wale wanaoweza kutibiwa kwa kunywa. Lakini waliofariki hawakufika hata mmoja kwa kila mia mbili. Katika mji ambao watu zaidi ya saba kwa kumi wana damu inayoongeza ukali wa ugonjwa, kwenye jamii isiyo na kinga, kwa madaktari wasiouzoea, vifo vilikuwa asilimia 0.4. Kwa Peru nzima vilikuwa asilimia 0.9.

Mwaka uleule wa 1991 Afrika iliripoti wagonjwa 153,367. Waliofariki walikuwa 13,998. Zaidi ya asilimia 9. Sisi tuna O karibu nusu tu. Kama kundi la damu ndilo linaloamua nani anakufa, vifo vyetu vilipaswa kuwa pungufu ya vya Peru. Vilikuwa mara kumi.

Nimezisoma namba hizo mara nyingi na bado zinaniuma. Tofauti ilikuwa pakiti za ORS, yaani chumvi na sukari ya kuchanganya na maji ya kunywa, zilizokuwa zimeshafika vituoni Peru kabla ya mlipuko, kwa ajili ya watoto wanaoharisha, na wauguzi waliokuwa wameshafundishwa kuzitumia. Ilikuwa barabara za pwani, na chupa za maji ya dripu ya Ringer Lactate zilizokuwepo zilipohitajika. Dawa ya kunywa ilikuwa imeshajulikana. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bongaon mpakani mwa India na Bangladesh, dripu zilipoisha Dilip Mahalanabis aliwapa wagonjwa maji yenye chumvi na sukari kutoka kwenye mapipa, na vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4. Miaka ishirini baadaye, katika maeneo mengi ya Afrika, mgonjwa alikuwa bado anafia njiani akiwa amefungwa kwenye baiskeli, na aliyemsukuma hajui kwamba angeweza kumnywesha.

Elimu ya kundi O ina kazi yake, na sipendi kuidharau. Anayepanga akiba ya dawa kwa eneo lenye O wengi ajue kwamba atahitaji vitanda na maji ya dripu zaidi kwa idadi ileile ya walioambukizwa. Anayetengeneza chanjo anapaswa kuijua pia, kwani majaribio ya Matlab, Bangladesh, yaliyoanza mwaka 1985 yalionyesha chanjo ya kunywa ya wakati ule ikiwakinga O kidogo kuliko wengine. Hiyo si sababu ya O kuikataa. Zanzibar mwaka 2009 chanjo ya kunywa iliwakinga waliochanjwa kwa takriban asilimia 79, na ikawasaidia pia majirani ambao hawakuinywa. Na kutokana na mlipuko ule wa Amerika ya Kusini ndipo ulipotokea mpango wa chombo chenye mdomo mwembamba na koki, pamoja na chupa ndogo ya klorini, ili mkono usiweze kuingia. Ndoo yenye koki unayoiona leo mlangoni kwa mama ntilie ina damu moja na vyombo hivyo.

Kitandani, hata hivyo, kundi la damu halibadilishi hatua hata moja. Mtu mzima wa kilo 60 aliyeishiwa maji kabisa anapewa lita sita kwa saa tatu, lita 1.8 kati ya hizo katika nusu saa ya kwanza. Akiwa O anapewa hivyo. Akiwa AB anapewa hivyo. Kisha unaangalia ndoo iliyo chini ya kitanda, kiasi kilichotoka, unakirudisha, na anapoweza kumeza tu unamwanzishia ORS hata kama dripu bado inakwenda. Fomu yetu ya kumpokea mgonjwa haina nafasi ya kundi la damu, na siombi iwekwe.

Mdogo mtu alikojoa karibu saa tano usiku. Nilimtafuta kaka yake nje, nikamkuta ameketi kwenye tofali na kadi bado iko mkononi. Nikamwambia ndiyo, inawezekana kundi O limemzidishia, na kwamba yeye mwenyewe, kundi lake likiwa lolote, amekunywa maji yaleyale. Nikamuuliza nyumbani wanachota vipi. Aliiweka kadi mfukoni, akakunja vidole kana kwamba ameshika kikombe, akaushusha mkono taratibu hadi pale kifundo kingezama.

"Hivi, daktari," akasema, akautazama mkono wake.